Hotuba ya Mahafali: Kimya cha Seli ya Saratani

Hotuba hii inawaelekea wahitimu wa sayansi za tiba kwa swali moja: kwa nini seli ya saratani, iliyojaa RNA ya kutiliwa shaka, haiigutushi kinga ya asili, yaani ulinzi ambao mwili huzaliwa nao na usiosubiri kufunzwa na chanjo.

RNA yenye nyuzi mbili kwa kawaida ni dalili ya virusi, na protini iitwayo MDA5 ikiinasa, seli hutoa interferoni, ambazo ni protini za kupiga mbiu, huku protini nyingine, PKR, ikisimamisha uundaji wa protini. Lakini binadamu naye hutengeneza RNA ya namna hiyo, kwa kuwa vipande viitwavyo Alu vimejirudia zaidi ya mara milioni 1 katika jenomu yake, na viwili vinavyotazamana hujikunja vikashikamana. Kimeng'enya ADAR1 hugeuza adenosini za RNA hiyo kuwa inosini, nyuzi zikalegea, na RNA ikapita kama mgeni wa harusi aliyevaa sare ya familia, ambaye haulizwi kadi mlangoni. Kazi ya kimeng'enya cha aina hii ilionekana kwanza mwaka 1987 katika mayai na viinitete vya chura wa kusini mwa Afrika, na walioiona hawakuwa wakitafuta dawa ya saratani, jambo ambalo wagawaji wa fedha za utafiti hulisahau kila mwaka.

Uvimbe wa saratani hujificha nyuma ya ADAR1 hiyo hiyo, na tafiti za 2018 na 2019 zilionyesha kuwa baadhi ya seli zake, hasa zilizokwisha kuchochewa na interferoni, hufa zikinyang'anywa kimeng'enya hicho. Hapo ndipo penye lawama, kwa sababu fani iliyoziita Alu takataka kwa miongo mingi sasa inakimbilia kutangaza tiba, ilhali panya asiye na ADAR1 hufia tumboni mwa mamaye, na tangu 2012 inajulikana kuwa watoto waliorithi kasoro za jeni ya ADAR1 hupata ugonjwa wa Aicardi-Goutières, ambamo ubongo huumizwa na interferoni pasipo virusi vyovyote. Mhitimu atakayeomba fedha za kuizima ADAR1 asiwafiche watoto hao katika aya ya mwisho, na jedwali la matokeo kwa seli zisizo na saratani, ambalo kwa mazoea hutupwa kwenye viambatisho, aliweke ukurasa wa kwanza.