Vibonde wa kriketi wapewe mechi

Ndugu msikilizaji wa Handeni na wa Korogwe, kushabikia timu ndogo huku kwetu hatufundishwi. Mwaka 1988 Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walitwaa ubingwa wa ligi mbele ya Simba na Yanga, na mkoa mzima wa Tanga ukatembea kifua mbele. Leo ushabiki huo nauhamishia kwenye kriketi. Wale tunaowaita vibonde hawahitaji huruma yetu. Wanahitaji mechi.

Tarehe 24 Februari 2003, uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Kombe la Dunia. Kenya inacheza na Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa mwaka 1996. Kenya wanaanza kupiga, wanapata mikimbio 210, na Kennedy Otieno peke yake anachangia 60. Sri Lanka wanaingia kuutafuta mzigo huo. Hapo mpira anapewa Collins Obuya, mdogo wake Kennedy, mrushaji wa mipira ya taratibu inayogeuka ikishagusa ardhi. Wiketi tano, yaani wapigaji watano nje, kwa mikimbio 24 tu! Sri Lanka wote nje kwa 157. Kenya ikaenda hadi nusu fainali kule Durban, ikatolewa na India.

Wapo wanaosema Kenya ilibebwa, kwa kuwa New Zealand waligoma kuja Nairobi wakihofia usalama. Kweli, ule ulikuwa ushindi wa mezani. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe walipigwa uwanjani.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Kenya haikupewa hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya mechi za siku moja. Viongozi wa mchezo huo nchini Kenya nao wana lawama yao, maana malumbano hayakuisha. Lakini wakubwa wa dunia walibana mlango: Kombe la Dunia lililokuwa na timu 14 mwaka 2003 lilibaki na timu 10 mwaka 2019 na 2023.

Wanasema vibonde wanaharibu mashindano kwa vipigo vya aibu. Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, yaani mafungu 20 ya mipira sita sita kwa kila timu, West Indies waliwatoa Uganda wote kwa mikimbio 39, na watu wakawacheka. Sasa hao West Indies, mwaka 1996 kule Pune, India, walitolewa wote na Kenya kwa mikimbio 93, na nyota wao Brian Lara akiwamo kikosini. Nani alisema wasirudi tena? Mkubwa akivurunda tunasema ilikuwa siku mbaya; mdogo akivurunda anaambiwa hakustahili kuja.

Tena Uganda hao hao, siku chache kabla ya kipigo hicho, waliifunga Papua New Guinea kule Guyana. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akaruhusu mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Miaka 43! Nafasi ya kuonekana aliipata kwa sababu safari hiyo timu zilikuwa 20, na Uganda waliipigania kwa kuifunga Zimbabwe katika mechi za kufuzu.

Nasi tumo. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu mwaka 2025 kucheza Kombe la Dunia la 2026 la umri wao, Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza katika historia ya Tanzania.

Kwa hiyo nawaomba Chama cha Kriketi Tanzania walete vifaa na wakufunzi hadi shule za Handeni na Korogwe. Na ninyi walimu wa michezo, msisubiri kufuatwa. Waandikieni barua, waambieni viwanja tunavyo na watoto wapo.