Uaminifu kati ya Wenye Timu na Makocha: Suala la Mkataba



Nimeombwa nianze na maana ya maneno. Mwenye timu, yaani prezida, hutoa fedha, kocha hufundisha na kupanga wachezaji, na uaminifu ni kila mmoja kutimiza alichoahidi. Hayo sote tunayajua, nayapita.

Moïse Katumbi anaongoza TP Mazembe ya Lubumbashi tangu 1997, na makocha wengi wamepita mikononi mwake. Patrice Carteron alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2015. Mwaka uliofuata Hubert Velud akaleta Kombe la Shirikisho, na 2017 Pamphile Mihayo, mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo, akalitetea. Lamine N'Diaye, aliyeifikisha fainali ya Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi 2010, aliitwa tena baadaye, na 2024 akafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa hiyo kubadilisha kocha si kosa. Kinachonihusu ni namna watu wanavyoajiriana na wanavyoagana.

Tatizo ninalopambana nalo kwa miaka liko chini zaidi, katika timu za mitaa ya Lubumbashi: Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi. Sitataja hata moja. Kocha anaajiriwa kwa neno la mdomo, sebuleni kwa prezida. Mshahara unafuata matokeo na hali ya biashara ya prezida. Usiku wa kuamkia mechi simu inalia: mpange fulani. Kocha akikubali na timu ikafungwa, anayefukuzwa ni yeye. Akikataa, anaitwa msaliti. Na aliyepanga kikosi kwa simu, huku mishahara hajalipa, mbona yeye haulizwi habari za uaminifu?

Tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni za ajira ya makocha: mkataba uandikwe, na asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuvunja mkataba kwa haki baada ya kutoa onyo la siku 15. Ila FIFA husikiliza migogoro ya kimataifa. Kocha Mfaransa atafika FIFA. Kocha mzaliwa wa Katuba anabaki na FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, au mkaguzi wa kazi, na bila karatasi atathibitishaje madai yake?

Kwa heshima, napendekeza ligi isimsajili kocha asiye na mkataba wa maandishi, na nakala ibaki ofisini. Mkataba utaje mshahara, tarehe ya kulipa na fidia ya kuachishwa. Useme wazi kwamba kikosi hupangwa na kocha. Naye kocha asifanye mazungumzo ya siri na timu nyingine msimu ukiendelea, wala asipeleke mambo ya ndani redioni. Prezida akitaka kumwachisha, amwite amwambie mwenyewe. Timu yenye deni la kocha isisajili mwingine kabla ya kulipa au kupatana naye mbele ya ligi. Na mkataba uandikwe: narudia kwa sababu tulikubali hilo katika semina zilizopita, na fomu ya mkataba haijachapishwa hadi leo. Nimeleta rasimu yake, ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili. Naomba ipitishwe kabla usajili haujafunguliwa.