Kamera ya Kuazimwa Iliyoanguka

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kamera ya dijitali iliyoponyoka mkononi, ikaanguka sakafuni, na sasa haifanyi kazi. Si dogo kwa yule lililomfika. Tuseme kijana ameazima kamera ya mjomba wake, akaenda nayo kumtazama nyanya. Nyanya ni mgonjwa, na watu wote wa nyumbani wajua kwamba huenda hizo zikawa picha zake za mwisho. Kijana amepiga picha sitini. Wakati wa kuagana, kamera ikagonga saruji. Akiiwasha, lenzi hutoka nusu, hulia krr, kisha kamera huzimika yenyewe.

Wazo la kwanza limjialo ni kuirudisha mkobani, kufunga zipu vizuri na kumkabidhi mjomba bila neno. Mjomba ataigundua siku nyingine, na siku hiyo nani atajua mkosaji ni nani? Wazo hilo huja upesi sana, wapenzi wasikilizaji, upesi kuliko lile la kutazama imeharibika wapi.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 6, tunasoma habari za watu waliokuwa wakikata miti kando ya mto Yordani. Chuma cha shoka la mmoja wao kilichomoka kikatumbukia majini. Mtu yule hakungoja. Alilia papo hapo, na kilichomliza ni kwamba shoka lile lilikuwa la kuazimwa. Elisha naye hakumgombeza; alimwuliza kilianguka mahali gani, naye akamwonyesha. Sisi hupendezwa na swali hilo, kwa kuwa fundi wa kamera naye ataliuliza kabla ya kushika bisibisi: Ilianguka wapi? Ilikuwa imewashwa au imezimwa? Lenzi ilikuwa nje au ndani? Mwenye kuficha hana la kumjibu fundi.

Basi kijana na apige simu leo hii, aseme, "Mjomba, kamera yako imeniponyoka ikaanguka, na sasa haiwaki sawasawa." Na akisha kusema, aache kuiwasha tena na tena. Ndani ya kamera ndogo ya mfukoni, lenzi imeundwa kwa mirija inayoingiana, nayo husukumwa na mota ndogo sana na gia nyembamba za plastiki. Ikianguka lenzi ikiwa nje, mrija mmoja hutoka katika njia yake. Kila uiwashapo, mota husukuma kitu kilichokwama, na meno ya gia yaweza kulika. Hapo lililokuwa la kunyoosha huwa la kutupa. Wako watu ambao huishika lenzi kwa vidole na kuisukuma kwa nguvu. Wachache hufaulu, nao ndio tunaosikia habari zao. Waliovunja hawasimulii.

Lakini si kila kamera iliyonyamaza imekufa. Mara nyingi betri imesogea tu. Itoe, uirudishe, utazame na kile kifuniko chake, kwa maana kamera nyingi hukataa kuwaka kifuniko kisipofunga barabara, na pembe hiyo hupinda kwa urahisi. Ikiwa ni kamera kubwa ya wapiga picha wa arusi, ile ya kubadili lenzi, jaribu lenzi nyingine kabla ya kulilaumu kasha. Betri iliyobonyea au kuvimba isichajiwe tena wala kutupwa motoni. Na mtu asiifungue kamera kwa kisu cha jikoni. Ile taa ya flashi huweka akiba ya umeme wa volti 300 hivi, nao hukaa humo hata betri ikiwa imetolewa. Umeme huo hauulizi kama wewe ulikuwa na nia njema.

Sasa tuje kwa picha za nyanya, maana hilo ndilo linalomwumiza kijana, si plastiki. Picha hazimo katika lenzi. Kamera ya kwanza ya namna hii, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka wa 1975, iliandika picha moja kwa sekunde 23 juu ya kanda ya kaseti, yenye magurudumu ya kuzunguka. Kadi ndogo ya siku hizi haina kitu kinachozunguka wala kusogea. Hushika picha bila betri, na kuanguka kwa kimo cha mtu kwa kawaida hakuidhuru. Kijana aitoe, aitie katika kompyuta au kamera nyingine. Kompyuta ikimwuliza kama iiandae kadi upya, akatae. Hata kama katika kuhangaika amefuta picha, asipige nyingine juu ya kadi ile, kwa kuwa kufuta hutangaza tu kwamba nafasi iko wazi. Picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na kuna programu za kuirudisha. Ila kama kamera haikuwa na kadi, basi picha zimo katika kumbukumbu ya ndani, na hapo fundi aambiwe mapema ili asije akaitupa sehemu hiyo.

Limebaki la malipo. Fundi wa mtaa wa Luthuli mjini Nairobi, au wa mji wowote, aweza kusema kwamba lenzi ya kamera ndogo hubadilishwa nzima, na gharama yake inapita bei ya kamera kuukuu. Ataamua nani? Kitabu cha Kutoka, mlango wa 22, kina sheria ya kitu cha kuazima kilichoharibika: mwenyewe asipokuwapo, aliyeazima atalipa, mwenyewe akiwapo, hatalipa, na kikiwa cha kukodi, ile kodi yatosha. Hapa mjomba hakuwapo. Kwa hiyo kijana analo deni, hata kama ni la kulipa kidogo kidogo. Mjomba akitaka kulisamehe, ni hiari yake. Asiombwe kabla ya kuambiwa. Lakini akidai bei ya kamera mpya kwa kamera iliyochoka miaka kumi, naye tunamwomba afikiri. Wajomba wengine hawatatupenda kwa neno hilo.

Wakati wakizungumza hayo, kadi isikae mfukoni. Ipelekwe studio leo, picha zitolewe kwenye karatasi, nakala mbili mbili, na nyanya apewe zake angali anaona. Kwaherini.