Anayeondoka Chuoni Arudi kwa Njia Gani?

Mhadhara wa umma uliotolewa Voi, Kaunti ya Taita Taveta



Desturi ya mihadhara ya namna hii ni kuwataja waliofuzu. Leo nataka tuwakumbuke waliotoka katikati ya safari: waliofika mwaka wa pili au wa tatu, wakafunga virago, na sasa hatujui wako wapi. Wengi wao hawakufeli mtihani wowote. Ninaamini chuo kinapaswa kupimwa kwa namna kinavyompokea anayerudi, kuliko hata kinavyomsajili anayeingia. Kwa kipimo hicho, vyuo vyetu vina deni kubwa.

Nchi hii inajua kupokea wanaorudi. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na hakikufunguliwa hadi Oktoba 1983. Wanafunzi walirudishwa makwao na kutakiwa kuripoti kwa machifu. Ilikuwa adhabu, na kwa wengine adhabu nzito mno: Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alitupwa jela na akafia humo mwaka 1988. Hata hivyo chuo kilipofunguliwa, maelfu waliitwa na masomo yakapangwa upya kwa ajili yao. Machi 2020, korona ilipofunga vyuo vyote, ikawa hivyo hivyo. Mihula ilisogezwa, mitihani ikasogezwa, na hakuna aliyeambiwa kwamba muda wake wa masomo umempita.

Kwa hiyo masomo yakikatika kwa wote, chuo hujitwika mzigo wa kuyaunga. Yakikatika kwa mmoja, mzigo huo anaachiwa yeye na mama yake.

Mwana wa hapa kwetu, Mwandawiro Mghanga, alikuwa kiongozi wa wanafunzi Nairobi alipofukuzwa mwaka 1985. Alipitia jela na uhamishoni Sweden kabla ya watu wa Wundanyi kumchagua mbunge mwaka 2002. Yeye aliondolewa na dola, na kila mtu alijua. Kijana wa leo anaondolewa na karo, maradhi, ujauzito, ukame, na hata tembo, na hakuna anayejua.

Wageni waliomo humu wanisamehe nikiwaeleza habari ya tembo. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii. Mkulima wa Sagalla au Kasigau akilala na shamba la mahindi lililokomaa, anaweza kuamka na mabua yaliyokanyagwa. Mahindi yale yalikuwa chakula, na ziada yake ilikuwa nauli ya mtoto na kodi ya chumba anachopanga karibu na chuo. Ukame nao: kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Mbuzi walikonda wakauzwa kwa bei ya kutupa, na kwa familia nyingi za huku chini mbuzi ndiyo benki.

Nilimfundisha kijana mmoja, katika chuo ambacho sitakitaja, aliyekuwa akisomea mambo ya madini. Mama yake aliugua muhula ulipokuwa katikati. Alimwambia kiongozi wa darasa, akapanda matatu, akaenda nyumbani. Hakuandika barua yoyote. Kwa nini aandike? Alidhani anaenda kwa wiki mbili. Mama alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Pesa zilipoisha kijana akaingia machimboni, kule ambako watu hufukua tsavoraiti, jiwe la kijani lililoupa mji wetu sifa na madalali. Aliingia shimoni akiwa na elimu kubwa ya miamba kuliko wenzake wote, akijiambia kwamba akipata jiwe moja zuri atalipa karo yote. Machimbo yana ahadi hiyo kila mwezi. Wanaume wazima wameingojea miaka ishirini.

Aliporudi chuoni, kumbukumbu zilimwonyesha kama mtu aliyesajiliwa muhula mzima akakataa kufanya mtihani. Alikuwa na deni la karo la muhula ambao hakuusoma. Alama za majaribio aliyoyafanya kabla ya kuondoka hazikuonekana. Nilimwona amesimama kwenye korido na bahasha ya hospitali mkononi, ndani yake stakabadhi za dawa za mama yake, akitumwa kutoka idarani kwenda kwa mkuu wa kitivo, kwa mkuu wa kitivo kwenda kwa msajili, kwa msajili kwenda ofisi ya fedha, na ofisi ya fedha ikamrudisha idarani.

Ruhusa ya kuahirisha masomo ipo. Vyuo vyetu vina kanuni zake: unaandika barua, unaeleza sababu, unaambatanisha ushahidi, idara inapendekeza, uamuzi unatoka juu. Ukiipata, kiti chako kinangoja. Lakini mwanafunzi huonyeshwa kanuni hizo wiki ya kwanza, akiwa na furaha ya kupokewa, ndani ya kitabu kinene ambacho hatakifungua tena. Siku anapozihitaji yuko wodini, na simu yake haina salio.

Tena kuna jambo ambalo hata wahadhiri hulisahau. Uniti nyingi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Anayekosa muhula wa pili hawezi kuja muhula unaofuata akaendelea pale alipoachia, kwa sababu kile alichokikosa hakitafundishwa hadi mwaka ujao. Muhula mmoja wa kuuguza unageuka mwaka mzima wa kukaa. Na mwaka ni muda mrefu kwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Ndani yake mtu huchukua bodaboda kwa mkopo, huajiriwa katika mashamba ya mkonge, huoa, huzaa. Wenzake hufuzu. Akitembea kijijini anaulizwa kama alifukuzwa, na baada ya kujibu mara kadhaa anaacha kujibu. Nimewasikia watu wakiwaita vijana hawa wavivu. Naomba neno hilo lisitumike tena mbele yangu.

Upande wa mkopo, aliyeondoka kimya yuko hatarini zaidi. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Bodi haiwezi kujua kwamba masomo yalisimama kama hakuna aliyeiarifu. Mtu anaweza kuanza kudaiwa kama mhitimu hali hana shahada.

Yapo yanayofanywa vizuri. Vyuo vya ufundi vimeanza kufundisha kwa moduli, hivi kwamba anayetoka baada ya moduli moja anatoka na cheti cha alichokiweza, na akirudi anaanzia hapo. Tanzania, Novemba 2021, iliwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shule za serikali, baada ya miaka mingi ya kuwafungia mlango. Na kwa wanaotaka kusoma kwa mwendo wao wenyewe, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, na Tanzania ina cha kwao tangu miaka ya 1990. Sioni sababu ya vyuo vya kawaida kushindwa.

Ninaomba mambo matatu kwa seneti. Kwanza, mwanafunzi asipoonekana darasani wiki tatu, idara impigie simu yeye, na akikosekana, mzazi wake. Pili, muhula ambao mtu aliugua au aliuguza, akithibitisha, usimdai karo, hata kama barua ilichelewa. Tatu, anayerudi apewe mtu mmoja, mwenye jina na mlango wa ofisi, wa kumaliza shida zake zote. Na machifu, ambao leo hutia sahihi fomu za basari za watoto wetu, wanaweza kutuletea majina. Mwaka 1982 walipewa kazi ya kuwachunga wanafunzi. Safari hii wapewe ya kuwarudisha.

Nanyi wanafunzi, najua wapo humu wanaowaza kuondoka kabla ya mwezi kwisha. Sitawaambia msiondoke, maana mama akiugua anauguzwa. Ila Jumatatu asubuhi nendeni idarani kwenu. Ombeni kwa maandishi tarehe ya kurudi, orodha ya uniti zitakazowangoja na muhula zitakapofundishwa, na hesabu ya karo yenu ilivyo siku hiyo. Hakikisheni HELB imearifiwa. Barua hiyo itiwe muhuri, nakala moja mwende nayo, na nyingine mwachieni mzazi.