Titi Linaloachwa na Njia ya Kasindi



Mama akiambiwa ana kansa ya titi, mara nyingi huomba: mnitoe kivimbe, titi mniachie. Ni ombi la haki, na utafiti unalikubali. Bernard Fisher na wenzake, Marekani, walianza jaribio lao mwaka 1976. Baada ya miaka 20, waliotolewa kivimbe tu hawakufa zaidi ya waliokatwa titi zima. Lakini humo humo mna hesabu ambayo sisi wa Butembo na Beni haturuhusiwi kuiruka. Kwa waliopata mionzi baada ya operesheni, kansa ilirudi katika titi lile lile kwa asilimia 14.3, kwa waliokosa mionzi, asilimia 39.2. Na kwa wote hao darubini ilikuwa imethibitisha kwamba kingo za nyama iliyotolewa ni safi.

Sasa, mionzi tunaipata wapi? Kutoka hapa Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, kisha Kasindi mpakani, kisha Mpondwe upande wa Uganda, kisha safari ndefu ya gari hadi Taasisi ya Kansa ya Uganda, Kampala. Mionzi yenyewe hutolewa kila siku ya kazi, wiki tatu hadi sita. Kuna chumba cha kupanga, kuna watoto walioachwa nyumbani, kuna barabara ya eneo ambako raia wanauawa tangu Oktoba 2014. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Kampala yenyewe iliharibika. Mpya ilizinduliwa 2018.

Katika yanayoongeza hatari ya kansa kurudi titini, vitabu hutaja umri mdogo, ukali wa seli, kansa kuingia mishipani, tezi za kwapani, kingo chafu. Mimi naongeza umbali, na kwetu nauweka juu kabisa.

Kwa hiyo mwanamke wa miaka 35 asiyeweza kufika Kampala namshauri titi zima litolewe. Ni neno chungu kulitamka mbele yake na mumewe. Tena tezi nyingi za kwapani zikiwa zimeshikwa na kansa, hata yeye bado atahitaji mionzi. Lakini bibi wa miaka 70 na zaidi, mwenye kivimbe kisichozidi sentimita 2 kinachoitikia homoni, anayemeza tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, kila siku, ana njia nyingine: katika jaribio moja la Marekani, miaka 10 baadaye, asilimia 90 ya wenzake wasiopata mionzi hawakurudiwa na kansa mahali pale, dhidi ya 98 waliopata. Huyo aachiwe titi lake.

Ila tutajuaje kwamba kivimbe chake kinaitikia homoni, bila maabara? Kipande kilichotolewa kitumbukizwe katika fomalini mara kumi ya ukubwa wake, mara tu kinapotolewa, kipelekwe maabara. Kishonewe nyuzi: fupi upande wa juu, ndefu upande wa nje. Kingo zikikutwa chafu, mpasuaji ajue arudi wapi. Na kabla ya kisu, jamaa waulizwe nani atamsindikiza Kampala, kwa pesa ya nani, na jibu liandikwe kwenye faili.