Kabla ya Kuchimba Msingi



Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake zingali na somo kwa anayejenga leo. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewesha joto. Kiwanda, yaani ua wa ndani, huleta mwanga na hewa. Daka humpokea mgeni bila kuingilia faragha ya familia.

Ukijenga kwa kuta nyembamba na mabati, watoto watalala kwenye joto. Basi elekeza kuta fupi mashariki na magharibi. Madirisha yapokee kusi na kaskazi. Mweleze fundi mapema: nyumba ikishasimama, kuigeuza ni gharama.