Primus mbili, jina moja

Kisha mkutano tulionja Primus mbili: ya Bralima, ya hapa Congo, na ya Bralirwa, kiwanda kilichoanza 1957 kule Gisenyi, ng'ambo ya Petite Barrière. (Tulijilipia wenyewe, sanduku la msaada halikuguswa.) Tulifunika chupa na gazeti, tukamimina kwa glasi za chai. Zote njano, povu jingi, uchungu kidogo. Moja tuliona tamu zaidi mwishoni.

Baba mmoja alikaa miaka mingi kambini Rwanda. Mtaani bado wanamuita mgeni. Akasema: "Hii tamu ndiyo ya kwetu, ya Congo."

Tukafunua. Ilikuwa ya Gisenyi. Tulicheka sana, sisi wote. Yeye hapana. Aliomba tufunike chupa tena.